Matone Kwanza, Namba ya Miwani Baadaye

Maneno haya yalisemwa mbele ya wazazi wa skuli moja ya msingi kisiwani Mombasa, kabla ya watoto wao kupelekwa kliniki kupimwa macho. Yameandikwa karibu kama yalivyosemwa.

Asalaam aleikum. Hamjambo wazazi wangu, hamjambo walimu. Mwalimu mkuu ameniambia nina muda mpaka adhana ya adhuhuri, na watu wa Mombasa nawajua: adhana ikilia, hata niwe naeleza dawa ya kutokufa, nitabaki na viti. Kwa hiyo sitazunguka. Nimekuja kuzungumzia kitu kimoja, nacho ni matone.

Kila mtoto aliyeandikwa kwenye ile orodha ya kliniki atatiwa matone ya macho kabla ya kupimwa. Barua mliyopelekewa inasema hivyo kwa mstari mmoja tu, na mstari huo ndio uliowafanya baadhi yenu kupiga simu skuli. "Mwanangu apimwe, lakini asitiwe dawa." Wako waliosikia kwamba dawa hiyo inapofusha. Yuko mama aliyesema alimpeleka mtoto duka la miwani, akachungulia mashine dakika tano, hakutiwa chochote, na miwani akaipata siku ile ile. Sasa nyinyi wa hospitali mna nini hata mtupotezee siku nzima? Swali hilo nimelipenda, na nitaanza nalo.

Jicho la mtoto lina nguvu ambayo sisi tuliovuka arubaini tumeshaisahau. Nyuma ya ule weusi wa katikati kuna lenzi, na kuizunguka lenzi kuna msuli mdogo wa duara. Mtu akitazama mbali, msuli hulegea. Akitazama karibu hukaza, lenzi ikanenepa kidogo, picha ikakaa sawa. Daktari mmoja Mwingereza, Thomas Young, alionyesha mwaka 1801 kwamba kazi hii hufanywa na lenzi yenyewe, na tangu hapo watu wakaanza kuipima. Kipimo chake ni dayopta, zile zile namba zinazoandikwa kwenye karatasi ya miwani. Mtoto wa miaka 10 anaweza kuongeza kama dayopta 14 kwa kukaza tu. Mtu wa miaka 40 ana 4 au 5. Wa miaka 50 ana mbili hivi. Ndiyo maana mama aliyekuwa akishona vito vya kofia kwa mwanga wa kibarazani leo anamwita mjukuu amtungie uzi kwenye sindano.

Nguvu hiyo ni neema, ila siku ya kipimo hugeuka fitina. Mmekwenda Kongowea kununua mchele, muuzaji akaacha kidole juu ya sahani ya mizani. Mizani haina kosa, mchele hauna kosa, lakini kilo uliyoilipia si kilo. Mtoto anapotazama herufi ukutani au anapochungulia mashine, ule msuli hukaza wenyewe, bila kuamrishwa, na namba inayotoka ni ya jicho pamoja na jitihada yake. Matone yanakiondoa kidole. Msuli unalala, jicho linabaki kama lilivyoumbwa, ndipo tunapima.

Kosa la kupima bila matone linakwenda pande mbili, na zote mbili tunaziona kila mara.

Yuko mtoto mwenye jicho fupi. Jicho la mtoto mchanga lina urefu wa milimita 17 hivi, la mtu mzima 24, kwa hiyo watoto wengi huzaliwa na jicho lililo fupi kidogo kuliko linavyotakiwa, na hali hiyo hujirekebisha kadiri jicho linavyorefuka. Kwa baadhi yao haijirekebishi. Huyo, tuseme, amepungukiwa na dayopta 4. Lakini ana msuli wa 14! Basi deni lile analilipa kutwa. Msimamishe mbele ya ubao wa herufi, atasoma mpaka mstari wa mwisho, na utaambiwa macho yake mazima. Ikifika jioni kichwa kinamuuma. Kitabu anakichukia. Chuoni akifungua juzuu, kurasa mbili tu herufi zinaanza kucheza, maalim anamwona mzembe, nyumbani tunasema alishapimwa na hana kitu, ni uvivu. Mtoto anapigwa kwa kosa la msuli uliochoka. Namwambia mzazi yeyote hapa ambaye mwanawe ni hodari wa mpira na adui wa kusoma: kabla hujamwita mvivu, hakikisha amepimwa macho yakiwa yamelala.

Kwa wengine kule kukaza huvuta jicho ndani. Ubongo umeyafunga mambo mawili pamoja, kukaza lenzi na kuyaelekeza macho yote mawili upande wa pua. Mtoto anayelazimika kukaza kupita kiasi, jicho moja linaingia ndani, na hayo ndiyo makengeza. Mara nyingi huanza kuonekana mtoto akiwa na miaka miwili au mitatu, akichoka, au akitazama kitu kilicho karibu, na nyanya ndiye wa kwanza kuyaona. Kuna makengeza ya namna hii yanayonyooka kwa miwani peke yake, bila kupasuliwa. Lakini miwani hiyo lazima iwe na namba kamili, na namba kamili ya mtoto kama huyu haipatikani bila matone. Sijui niliseme vipi lizame zaidi ya hapo. Tena kuna wanaosubiri yaondoke yenyewe, ati ya binamu yake yaliondoka. Mtoto wa miezi mitatu macho yake kutangatanga si ajabu. Akishapita miezi sita na bado hayajakaa pamoja, usingoje.

Halafu kuna jicho ambalo ubongo umelisusa. Upande mmoja unaona sawa, wa pili una ukungu, ubongo unachukua picha safi na kuiacha ile nyingine. Mtoto hasemi kitu, maana hajui kwamba watu huona kwa macho mawili. Akiachwa mpaka ukubwani, miwani sahihi haitamrudishia alichokosa, kwa kuwa ubongo haukujifunza kulitumia jicho lile. Matibabu hushika vizuri zaidi kabla ya miaka saba. Tunaliziba jicho zima ili lile zembe lifanye kazi, au tunalitia jicho zima atropini liwe na ukungu lenyewe. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2002 ulikuta njia hizo mbili zinakaribiana kwa watoto ambao hali yao si mbaya sana. Kwa hiyo dawa mnayoiogopa kwenye kipimo, kwa watoto wengine ndiyo tiba.

Upande wa pili wa kosa ni mtoto anayeandikiwa miwani asiyoihitaji. Msuli umekaza, umekwama hapo, akitazama ubaoni haoni vizuri. Mashine inatoa hasi 1.50, namba ya mtu asiyeona mbali. Ukimtia matone na kumpima tena unaweza kukuta sifuri. Lakini ukimvalisha ile hasi 1.50, ubaya wake ni kwamba ataona vizuri! Atacheka, utafurahi, utalipa. Msuli wake utaikubali lenzi na kuendelea kukaza, sasa kutwa nzima. Baada ya mwaka namba "imepanda," mnaongezewa nyingine.

Ile mashine mnaijua. Mtoto anaweka kidevu, anachungulia, anaona nyumba au puto mwisho wa barabara. Picha imetengenezwa ionekane iko mbali ili msuli ulegee. Mtoto naye anajua fika kwamba puto liko ndani ya kisanduku kilicho mbele ya pua yake, na msuli unakaza vile vile. Sina ugomvi na mashine, hata sisi tunayo. Tunaitumia baada ya matone. Na nitasema lililo kweli hata kama litawaudhi wenzangu: wako wapimaji, hospitalini na madukani, wanaoruka matone kwa sababu foleni ni ndefu na wazazi wana haraka. Kwa hiyo siku mtoto wako anapoandikiwa miwani yake ya kwanza, popote pale, uliza: "Ametiwa matone?" Ni haki yako.

Sasa dawa yenyewe. Tunayoitumia zaidi inaitwa saiklopentoleti, ya asilimia 1, na kwa watoto wachanga ya nusu asilimia. Iko nyepesi zaidi, tropikamaidi, inayokwisha baada ya saa chache. Na iko atropini, mzee wao, ambayo huweza kukaa jichoni wiki moja mpaka mbili. Zote zinazuia ujumbe wa neva usiufikie ule msuli. Wazee mlio hapa mnaujua mnanaha, ule mmea wa matunda ya miba ambao mbegu zake humrusha mtu akili. Kilichomo ndani yake ni cha ukoo mmoja na atropini. Nalitaja kwa makusudi, nisije nikaonekana nawauzia peremende. Ni dawa yenye nguvu, na usalama wake uko kwenye kipimo, tone kwa tone, mbele ya mtu aliyefundishwa.

Lile la kupofusha lina chanzo chake. Mtoto anarudi nyumbani mboni zimekuwa kubwa, anafumba macho juani, anapewa kitabu anasema haoni. Jirani akimwona tu, basi: "Wamemharibu." Ikifika kesho yake mchana mtoto anasoma kama kawaida, lakini jirani harudi kuja kutangaza hilo. Saiklopentoleti kwa kawaida hukwisha ndani ya siku moja. Hailiachi jicho na kovu wala haililegezi kwa siku za mbele.

Mnalalamika kungoja. Haki yenu, lakini sikilizeni sababu. Macho yetu ni meusi, na ile rangi huinyonya dawa kisha kuiachilia polepole. Jicho la buluu linaweza kulala kwa tone moja na nusu saa. La kwetu mara nyingi tunalitia tone la pili baada ya dakika tano mpaka kumi, halafu tunangoja dakika 40, pengine zaidi. Mama mmoja hunijia baada ya robo saa: "Daktari, mboni imeshafunguka, mbona hatuiti?" Mboni ni ya haraka, msuli ni wa ajizi. Mboni inaweza kuwa wazi kabisa na msuli bado uko kazini. Anayemwita mtoto kwa kutazama mboni tu anakirudisha kidole kwenye mizani.

Siku yenyewe itakwenda hivi. Kwanza mtoto atapimwa bila matone, asome herufi, au kama hajui kusoma aonyeshe picha au mguu wa herufi unaelekea wapi. Tutatazama macho yanavyotembea pamoja, tukiziba moja na kufunua. Hayo lazima yatangulie, maana baada ya matone hayapimiki vizuri. Ndipo matone, ndipo kungoja. Kisha chumba cha giza. Mpimaji atakaa umbali wa mkono, sentimita 67 hivi, aelekeze mstari wa mwanga ndani ya jicho na kuutazama unavyorudi. Mwanga ukikimbia, anaweka lenzi, anabadilisha nyingine, mpaka uache kukimbia. Anaondoa 1.50 kwa ajili ya ule umbali wa mkono, na namba imepatikana. Mtoto hajaulizwa neno. Hii ndiyo njia inayotuwezesha kumpima mtoto wa mwaka mmoja asiyesema, na mtoto mwenye ulemavu wa akili ambaye watu wamezoea kusema hapimiki.

Kwa kuwa mboni iko wazi, tunatazama pia nyuma ya jicho. Hapa nina ombi nje ya mada. Mkimpiga mtoto picha kwa simu, taa ikawaka, na jicho moja likatoa mng'aro mweupe badala ya mwekundu, tena ikarudi kwenye picha ya pili na ya tatu, mleteni wiki hiyo hiyo. Inaweza kuwa mtoto wa jicho, inaweza kuwa saratani inayowapata watoto wadogo, na saratani hiyo ikiwahiwa hutibika.

Nije kwenye jambo linalonisumbua kuliko kemia yote hii, nalo ni namna tunavyowaleta watoto.

Matone yanawasha. Sekunde chache, labda nusu dakika, kisha yanaacha. Wakati mwingine tunatangulia na tone la ganzi, lakini hilo nalo lina ukali wake kidogo. Mzazi anayemwambia mtoto "haitauma hata kidogo" amenimaliza, maana tone la kwanza likiwasha, mtoto ameshajua sisi sote ni waongo, na la pili hatupi. Mwambie ukweli kwa ukubwa wake: itawasha kidogo, tutahesabu pamoja mpaka ishirini, itakwisha. Kisha hesabu naye. Na tuna tabia katika mji huu, sote, mtoto akikataa kula au kulala: "Nitamwita daktari akudunge!" Miaka minne anaambiwa hivyo kila usiku, halafu mnamleta kwangu mkishangaa kwa nini anang'ang'ania mlango. (Kicheko.) Cheka, lakini ni wewe.

Hakuna haja ya kumfungua mtoto jicho kwa vidole kama tunafungua chaza. Alale chali, mapajani pako ikiwa ni mdogo, afumbe macho. Tone linawekwa kwenye pembe ya jicho upande wa pua. Anafumbua, dawa inaingia yenyewe. Hata mtoto mkaidi hukubali, kwa sababu ameruhusiwa kufumba. Baada ya hapo bonyeza taratibu ile pembe ya ndani kwa kidole kwa dakika moja, na ufute kinachotiririka shavuni. Pana mfereji pale unaopeleka machozi puani na kooni, ndiyo maana watoto husema dawa chungu. Ukiubonyeza, dawa inabaki jichoni na haiingii mwilini kwa wingi.

Na aje bila wanja, tafadhali. Najua mtoto mchanga wa Kimvita hatoki nje bila wanja, na mimi mwenyewe nilipakwa. Lakini unatuchafulia jicho siku ya kipimo, na wanja mwingi wa dukani ukipimwa maabara hukutwa na madini ya risasi, ambayo si ya kuweka karibu na mtoto siku yoyote.

Yako ya kutuambia kabla hatujatia tone. Mtoto ana kifafa au aliwahi kupata degedege. Ana tatizo la moyo. Alizaliwa njiti. Ana hali ya Down, ile ya kuzaliwa nayo inayochelewesha akili na ukuaji, kwa kuwa watoto hao miili yao huipokea atropini kwa nguvu zaidi. Ana homa leo. Hayo hayana maana hatapimwa, yana maana tutachagua dawa na kiasi kwa uangalifu. Ikiwa ni mtoto anayenyonya, ulizeni anyonyeshwe lini baada ya matone, maana tumbo lake linaweza kukataa maziwa kwa muda. Mkifika nyumbani, ukiona uso umekuwa mwekundu na mwili una joto, mdomo mkavu, mtoto anasinzia kupita kawaida au kinyume chake anahangaika, anaongea maneno yasiyo na mpango au anayumba, hiyo ni dawa imeingia mwilini. Ni nadra na mara nyingi hupita baada ya saa chache, lakini usikae nyumbani ukipima imani. Mrudishe hospitali.

Wachache wenu mtapewa atropini ya kutia nyumbani siku kadhaa kabla ya kuja, hasa wenye watoto wa makengeza. Hapo nawaomba muwe wakali. Chupa ikae juu, kabatini, penye kufuli ikiwezekana. Mtoto akiinywa ni sumu, na chupa ndogo vile haihitaji kunywewa yote. Nawa mikono ukimaliza kutia, maana ukijifikicha jicho, wewe ndiye utakayekuwa hupatani na jua wiki nzima. Tena dawa hii hukausha jasho. Miezi ya kaskazi, joto la Januari mpaka Machi mnalijua wenyewe, mtoto asiyetoka jasho mwili hupanda moto haraka. Akae kivulini, anywe maji, na ukimwona mwekundu na mkavu, acha kutia na utupigie.

Baada ya kipimo hakuna kazi za skuli jioni hiyo, na chuoni aombewe ruhusa, kwa sababu msahafu hatausoma. Asiendeshe baiskeli. Asivuke barabara peke yake. Jua litamchoma macho, na jua letu likipiga kwenye kuta nyeupe au juu ya maji hata sisi tusiotiwa dawa tunakunja uso. Kofia yenye ukingo inatosha, miwani ya jua ni nyongeza. Msimlete wiki ya mitihani. Likizo ya Agosti ndiyo bora, ila na wenzenu wote wanajua hivyo, njooni mapema.

Nilibakiwa na dakika chache, nikapokea maswali.

Baba mmoja aliuliza kama mtoto aliyefunga Ramadhani atafuturu kwa matone, kwa kuwa ladha inafika kooni. Nikamwambia fatwa ataichukua kwa maalim wake, lakini madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu hapa tunayafuata, hayahesabu jicho kuwa tundu lililo wazi kuingia ndani, na wanazuoni wake husema wanja na dawa ya jicho havifunguzi hata ladha ikionekana kooni. Mwenye shaka aje baada ya Idi, isipokuwa mwenye makengeza mapya. Huyo asingoje mwezi.

Mama mmoja alikuwa amesikia kwamba atropini siku hizi inatiwa kila usiku ili watoto wasizidi kupoteza uwezo wa kuona mbali, akataka kujua ndiyo hii hii. Ni dawa ile ile, nguvu mbali mbali. Ya kipimo ni asilimia 1. Ile ya usiku, iliyofanyiwa utafiti Singapore na Hong Kong, imezimuliwa sana, asilimia 0.01 mpaka 0.05, na inatolewa na daktari anayemfuatilia mtoto kwa miaka. Usichukue ya asilimia 1 dukani ukaigeuza ya kila usiku. Na kabla ya kumwanzishia, lazima ijulikane kwamba kweli haoni mbali na si msuli uliokaza, yaani matone ya kipimo yanatangulia pale pale.

Mwingine akauliza mbona yeye alipopimwa miwani yake hakutiwa matone, na ana miaka 48. Kwa kupata namba hayahitaji, kidole chake kimeshachoka chenyewe.

Wa mwisho alitoka Likoni. Mumewe yuko kazini bandarini, yeye ana mtoto mchanga, je, mtoto wa darasa la pili anaweza kuletwa na dada yake wa darasa la saba? Hapana. Tunahitaji mtu mzima wa kutueleza historia ya mtoto na kutia sahihi, na kurudi kuna feri, kuna msukumano, na mtoto mwenye mboni wazi hataona vizuri anapokanyaga. Nyanya anafaa, ami anafaa, jirani mliyezoeana anafaa ukimpa barua. Waje asubuhi saa mbili, mtoto awe amekula, na walete kile kijitabu cha kliniki chenye chanjo zake, hata kama kimechakaa.